Tathmini ya kazi za manesi wa jamii ianzie mlangoni kwa mgonjwa

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa manesi wa jamii na wasimamizi wa afya ya msingi. Wengi mlikuwa zamu mkashindwa kuja, ndo maana naiweka yote hapa kama ilivyotoka mdomoni. Slaidi nimeziacha, hamjakosa kitu.

Waheshimiwa wasimamizi, wauguzi wenzangu, wakunga, wahudumu wa afya wa jamii, na nyie ndugu zangu mliokuja kuwasemea wagonjwa, habari za asubuhi.

Naona waliokaa mbele ni wenye ofisi na waliokaa nyuma ni wale wanaotembea nyumba hadi nyumba. Sio mbaya, ila leo nitaongea nikiangalia nyuma, mabosi mnisamehe.

Kabla sijaanza naomba mninyooshee mikono. Nani hapa ameshawahi kufanyiwa tathmini? Yaani wakaja watu na makaratasi, wakauliza, wakaandika, wakapiga picha mbele ya kabati la dawa. Haya, naona karibu wote. Shusheni. Sasa nani kati yenu aliwahi kurudishiwa majibu, akaambiwa tuliona hiki na hiki na tumebadilisha hiki? Mkono mmoja pale... ah, unajikuna. Basi sawa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa tathmini akija kwetu mwenyeji haponi hata kidogo, mwenyeji analala saa nane usiku anajaza rejista zilizobaki wazi tangu mwezi uliopita, anapanga maboksi, anaambiwa leo usiende kwa wagonjwa maana wageni wanakuja. Hebu fikirieni hiyo. Wanakuja kupima huduma ya nyumbani na ili waipime vizuri huduma ya nyumbani inasimama siku nzima!

Mimi nina jambo moja tu leo, mengine yote nitakayosema ni matawi yake. Tathmini ya kazi yetu ianzie mlangoni kwa mgonjwa. Ianze na alichopata na alichokosa, halafu ndo irudi kituoni kuuliza kwa nini. Sasa hivi tunaenda kinyumenyume, tunaanza kabatini kwenye mafaili na tukichoka tunaishia hapohapo kwenye mafaili.

Na hili sijalitoa kichwani kwangu. Mwaka 1978, mwezi wa 9, nchi 134 zilikutana Alma-Ata, mji ambao leo unaitwa Almaty huko Kazakhstan, wakakubaliana juu ya huduma ya afya ya msingi. Tamko lile liliwataja manesi, wakunga na wahudumu wa jamii pamoja na madaktari, kwamba wafanye kazi kama timu moja na wajibu mahitaji ambayo jamii yenyewe imeyasema. Jamii yenyewe imeyasema. Sasa nawauliza, kwenye fomu zetu za tathmini kuna sehemu ya kuandika jamii imesema nini? Mimi nimeziona nyingi, na sehemu hiyo ikiwepo basi ni ukurasa wa mwisho, mistari miwili, na imeachwa wazi.

Nianze na hili la kuhesabu ziara, maana hapa ndo pana uozo mwingi.

Niwape kisa. Sehemu moja, sitaitaja, nilikuwa kwenye timu ya ukaguzi. Rejista ya ziara za nyumbani ilikuwa safi kabisa, kila mstari umejazwa, kila saini ipo, mwenzangu akasema hawa wapewe alama zote twende zetu. Tukaomba tumfuate nesi kwa mgonjwa mmoja tu. Ni mzee ana kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo upande wa ndani, mguu umevimba, ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi na ngumu. Nesi akakisafisha kile kidonda vizuri sana, mikono imenawiwa, bandeji mpya, usafi wa hali ya juu, hata mimi nikajifunza kitu. Nikamuuliza mzee, baba, hiki kidonda kinapungua au kinaongezeka? Mzee akacheka, akaniambia, "Manesi ndo wanabadilika mwanangu, kidonda ni kilekile."

Nikarudi kwenye rejista. Ukurasa kwa ukurasa imeandikwa "kidonda kimesafishwa." Kimesafishwa, kimesafishwa, kimesafishwa. Hakuna hata sehemu moja imeandikwa kina urefu gani na upana gani. Kila nesi aliyeingia mle ndani alikuwa anakiona kama kimeanza jana.

Wauguzi mnajua, ila niseme kwa faida ya wengine. Kidonda cha namna ile, mahali pale, na mguu wa namna ile, mara nyingi kinatokana na mishipa ya veni kushindwa kurudisha damu juu. Unaweza kukisafisha mpaka mwisho wa dunia, kinachokiponya ni bandeji ya kubana inayofungwa kutoka kwenye vidole kupanda mpaka chini ya goti. Lakini huwezi kuifunga tu hivihivi, kwanza lazima upime kama damu ya ateri inashuka vizuri mguuni, unalinganisha presha ya kwenye kifundo na presha ya kwenye mkono, kwa sababu mguu ambao damu haifiki vizuri ukiubana unauharibu kabisa. Sasa kile kipimo nani alitakiwa kukifanya? Kituo hakina kifaa. Hospitali ya rufaa wanacho, ila hakuna aliyeandika rufaa, maana rejista haikuwa na sehemu inayomlazimisha mtu aseme kidonda hiki kimekaa wiki kadhaa hakifungi, tufikirie upya. Nesi alifanya alichofundishwa, akakifanya vizuri, na tathmini ikataka kumpa alama zote. Mzee akabaki na kidonda chake.

Mnaona tatizo liko wapi? Tulipima kazi, hatukupima kilichotokana na kazi.

Kuna daktari anaitwa Avedis Donabedian, mwaka 1966 aliandika kwamba ubora wa huduma unaangaliwa sehemu tatu. Kwanza vilivyopo, yaani watu, vifaa, jengo. Pili vinavyofanyika. Tatu kilichotokea kwa mgonjwa mwisho wa yote. Tangu 1966 mpaka leo ni miaka mingapi? Na bado fomu zetu nyingi zinahesabu sehemu ya kwanza, zinagusa ya pili, ya tatu zinaipitia juujuu. Mna mizani? Ndiyo. Mna kipima presha? Ndiyo. Mmefanya ziara ngapi mwezi huu? Asanteni, kwaherini.

Mimi nataka tuulizwe vingine. Vidonda vingapi vimefunga, na vilichukua wiki ngapi? Wagonjwa wetu wa kitandani wangapi wamepata vidonda vya mgandamizo, vile vya kulala upande mmoja muda mrefu, wakiwa mikononi mwetu? Wenye presha wangapi presha imeshuka ikakaa pale inapotakiwa? Maana kumpima mtu kila mwezi ukamwandikia 170 kila mwezi ukasaini, hiyo sio huduma jamani, hiyo ni kumbukumbu. Watoto wangapi wamemaliza chanjo zote kwa umri wao, ukiachana na hesabu ya dozi tulizotoa?

Ila subirini, kabla wenye ofisi hamjakimbia na hili neno matokeo mkaenda kuwabana watu nalo. Mgonjwa wa kansa anayeelekea mwisho hatapona. Nesi wake ukimpima kwa kipimo cha kupona utakuwa umemtukana yeye na mgonjwa wote wawili. Kwa huyo unauliza maswali mengine kabisa, je maumivu yalidhibitiwa? Dawa ya maumivu ilikuwepo nyumbani au iliisha ijumaa jioni familia ikahangaika mpaka jumatatu? Alifia mahali alipotaka kufia? Ndugu walikuwa na mtu wa kumpigia usiku? Hayo nayo ni matokeo, yanapimika, unamuuliza aliyekuwa anamuuguza. Kwa hiyo ukisikia mtu anataka kipimo kimoja cha kuwapima manesi wote wa jamii, ujue hajawahi kubeba begi.

Sasa tuje kwa wale ambao hawamo kwenye rejista kabisa. Hili nalipenda, mnivumilie.

Mwaka 1902 New York kulikuwa na utaratibu wa madaktari kukagua watoto mashuleni. Daktari anapita, anaona mtoto ana trakoma ya macho, au chawa, au mapunye, anamrudisha nyumbani asiambukize wenzie. Kwa makaratasi ule ukaguzi ulikuwa unafanya kazi vizuri sana, wagonjwa wanagunduliwa na wanaondolewa. Lakini yule mtoto akifika nyumbani nini kinaendelea? Hakuna kitu. Mzazi ama haelewi barua, ama hana cha kufanya, mtoto anabaki mtaani anacheza na walewale wenzie jioni, shule haendi. Lillian Wald, nesi aliyekuwa ameanzisha huduma ya manesi wa kutembelea majumbani Henry Street tangu 1893, akasema nipeni nafasi niwaonyeshe. Akamtoa nesi mmoja, Lina Rogers, shule nne, mwezi mmoja wa majaribio. Lina alikuwa anatibu palepale shuleni vile vidogo vidogo, na kwa vile vikubwa anamfuata mtoto mpaka kwao, anaongea na mama, anamwonyesha dawa inatumikaje. Watoto wakarudi darasani. Mji ukaajiri manesi wengine.

Nimeleta hiki kisa kwa sababu ule ukaguzi wa kabla ya Lina ndo tathmini zetu za leo. Tunagundua, tunaandika, tunamrudisha mtu nyumbani na tatizo lake. Na pia kwa sababu wale watoto waliokuwa hawaonekani shuleni hawakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Ukaguzi unawaona waliopo. Nani anawaona wasiokuwepo?

Mwaka 1971 daktari mmoja wa huko Wales, Julian Tudor Hart, aliandika kitu kilichomfanya ajulikane dunia nzima, kwamba huduma nzuri inapatikana kinyume na mahitaji, wanaoihitaji zaidi ndo wanaoipata kidogo. Miaka zaidi ya 50 imepita. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya 2025 kuhusu manesi inasema dunia ilikuwa na manesi milioni 29.8 mwaka 2023, na asilimia 78 kati yao wako kwenye nchi zenye asilimia 49 tu ya watu wote. Hiyo ni kati ya nchi na nchi. Ukishuka chini utakuta hivyohivyo kati ya mtaa na mtaa, na ukishuka zaidi kwenye orodha ya nesi mmoja utaona nyumba za karibu na barabara zina ziara nyingi, zile za bondeni ambako mvua ikinyesha hupiti zina ziara chache. Sisemi kwa kumlaumu nesi, miguu ni yake na begi analibeba yeye. Nasema tathmini isiyoangalia nani hakufikiwa inampongeza mtu kwa kuwatembelea walewale.

Utawajuaje wasiofikiwa? Mbona ni rahisi tu, ni kuchukua orodha mbili ukazilaza pamoja. Chukua orodha ya waliojifungua kwenye eneo lako, iweke pembeni ya orodha ya akina mama waliotembelewa. Mwongozo wa WHO wa 2022 unasema mama na mtoto waangaliwe saa 24 za mwanzo, halafu waonwe tena angalau mara tatu, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na kwenye wiki ya sita. Sasa pita na kalamu, jina kwa jina. Nani hana ile ya saa 48 mpaka 72? Hizo ndo siku ambazo homa ya mama na manjano ya mtoto vinajitokeza na mama ameshatoka hospitali. Majina yanayobaki bila tiki ndo tathmini yenyewe hiyo, wala hauhitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Fanya hivyohivyo na walioruhusiwa hospitali baada ya kiharusi. Fanya na wenye kifua kikuu, dawa ni za miezi mingi, nani aliacha mwezi wa pili na hakuna aliyebisha hodi?

Na presha nayo. WHO walisema mwaka 2021 kwamba kuna watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 mpaka 79 wenye presha ya juu, na asilimia 46 yao hawajui kama wanayo. Karibu nusu! Hao hawatakuja kliniki, watakuja kufanya nini wakati hawaumwi? Nesi aliyekwenda kumsafisha babu kidonda akapima na presha ya bibi aliyekaa pembeni ameshafanya kazi ambayo hospitali kubwa haiwezi kuifanya, ila nenda kaangalie kama ile fomu ya ziara ina nafasi ya kumwandika bibi. Haina. Bibi sio mgonjwa wa faili lile. Kwa hiyo kazi yote ile kwa macho ya takwimu haijafanyika.

Mpo jamani? Maji yapo pale pembeni.

Haya, la tatu ni siku ya nesi mwenyewe. Hapa niwarudishe nyuma zaidi, Liverpool, Uingereza, mwaka 1859. Tajiri mmoja anaitwa William Rathbone alifiwa na mke wake, aliyeuguzwa nyumbani na nesi anaitwa Mary Robinson. Rathbone akawaza, kama sisi wenye uwezo tumeona unafuu mkubwa hivi kwa kuwa na nesi nyumbani, maskini wanaumwaje huko kwao? Akamwajiri Mary kwa miezi mitatu ya majaribio akauguze masikini majumbani kwao. Baada ya mwezi mmoja Mary akarudi analia, akasema sitaweza, hali niliyoikuta huko siivumilii.

Nisimame hapo kidogo. Ingekuwa leo tathmini ingeandika nini? Mtumishi ameshindwa kazi, tangazo la nafasi litoke. Rathbone alimsihi ajaribu kumaliza muda wake, akahakikisha ana vifaa na mahitaji ya kuwapelekea wagonjwa. Miezi mitatu ilipoisha Mary mwenyewe ndo aliyesema nataka hii kazi iwe ya maisha. Kisha Rathbone alipotaka kuajiri wengi akakuta waliofundishwa hawapo, akamwandikia Florence Nightingale, yule nesi maarufu wa Uingereza, naye akamshauri afungue chuo cha manesi. Wakafungua, na mji ukagawanywa kanda 18, kila kanda na nesi wake.

Ndugu zangu, uuguzi wa jamii ulianza na nesi anayelia. Na wapo hapa leo wanaolia kwenye bajaji wakirudi nyumbani, hamuwajui kwa sababu fomu haiulizi.

Kwa hiyo naomba tathmini ijayo mtu mmoja amfuate nesi mmoja kuanzia anapochukua begi mpaka anapolirudisha, na saa mkononi. Aandike dakika ngapi alikuwa na mgonjwa, ngapi njiani, ngapi akitafuta saini, ngapi akijaza taarifa ileile kwenye rejista tatu tofauti halafu akaiingiza tena kwenye simu maana "mfumo mpya umekuja." Mfumo mpya ukija wa zamani uondoke! Mbona hamuondoi kitu nyie watu? Kila mradi unaingia na fomu yake na hakuna anayetoka na fomu yake. Mimi ningeweka sheria, anayeleta fomu moja aoneshe kwanza ipi anaifuta.

Na mzigo wa kazi usipimwe kwa idadi ya vichwa. Nesi A ana wagonjwa 20, nesi B ana wagonjwa 20, mnasema wako sawa. Tuseme wa A wengi wanahitaji kupimwa sukari na kuongea kidogo. Wa B watano wako kitandani, wanageuzwa, wana mipira ya mkojo, mmoja anahitaji sindano mara mbili kwa siku, na nyumba ya mwisho unavuka mto. Wako sawa hao? Wapeni wagonjwa uzito, mwepesi, wa kati, mzito, hata kwa alama moja mpaka tatu tu, ongezeni umbali, halafu ndo mgawane. Mtashangaa nani alikuwa amebebeshwa peke yake kimyakimya.

Tena kuna kazi nesi anafanya ambazo mhudumu wa afya wa jamii angezifanya vizuri tu, na kuna kazi mhudumu anaachiwa ambazo hakufundishwa. Brazil tangu 1994 wana timu za afya ya familia, daktari, nesi, nesi msaidizi na mawakala wa afya wa jamii, na timu inapewa eneo na watu wake wanaojulikana, wale mawakala wanapita kila kaya karibu kila mwezi, wakiona jambo wanampelekea nesi. Nesi anakwenda pale ambapo unesi wake unahitajika. Uholanzi nako kuna Buurtzorg, ilianzishwa 2006 na Jos de Blok ambaye mwenyewe ni nesi wa jamii, timu ndogo zisizozidi watu 12, wanapanga wenyewe ratiba, wanagawana wagonjwa wenyewe, hakuna meneja juu ya timu, kuna mtu wa kuwashauri wakikwama. Walianza timu moja, sasa wana maelfu ya manesi. Naona mabosi mmekunja uso hapo kwenye hakuna meneja. Tulieni, sijasema tunakili, wenzetu wana bima na mifumo yao. Ninachosema ni kwamba nesi aliyepewa uamuzi juu ya siku yake mwenyewe hakuzembea kama mlivyoogopa.

La barua ya hospitali, ile anayopewa mgonjwa akiruhusiwa, nitalipitia haraka maana naona saa, na kwa kweli halina falsafa, lina uzembe tu.

Mama mmoja aliruhusiwa hospitali. Huko walimbadilishia dawa ya presha. Nyumbani alikuwa na ile ya zamani kwenye kopo. Akawa anameza zote mbili, na ukizisoma vizuri zilikuwa dawa moja, ile jina la kampuni, hii jina la dawa yenyewe. Nesi wa jamii alijua kwamba mama ameruhusiwa pale alipopita nyumba ya jirani akaambiwa mama fulani anaanguka anguka kila akisimama. Barua ilikuwepo? Ilikuwepo, ndani ya mkoba wa mama, imekunjwa, imeandikwa kwa herufi ambazo hata aliyeandika hawezi kuzisoma.

Kwenye tathmini ya hospitali yule mama ni mafanikio, ameruhusiwa akiwa na hali nzuri. Kwenye tathmini yetu hayupo, hatukuwa tumeletewa. Ameangukia katikati, kwenye sehemu ambayo hakuna anayeipima. Ndo maana nasema swali la siku ngapi zinapita kati ya mtu kuruhusiwa na nesi kubisha hodi kwake liwe letu sote, sisi na hospitali, na majibu yaandikwe kwenye ripoti zote mbili. Na ziara ya kwanza baada ya kuruhusiwa nesi aseme naomba mnitolee dawa zote zilizomo humu ndani, zote, za droo na za chini ya mto. Hiyo haihitaji bajeti.

Sasa mkishapata hayo yote mnafanyaje? Hapa ndo tathmini nyingi zinafia. Ripoti kurasa 60, mapendekezo 42, kila pendekezo linaanza na "kuna haja ya." Kuna haja ya nani? Pendekezo lisilo na jina la mtu na tarehe mimi silihesabu. Chagueni mawili. Mawili tu! Tuseme mmechagua kila kidonda kipimwe kwa rula kila wiki na kisichopungua kwa wiki nne kipewe rufaa. Jaribuni kwa timu moja kwanza, mwezi mmoja, angalieni imekwama wapi, labda rula hazikuwepo, labda hospitali ilizikataa rufaa, rekebisheni, ndo mpeleke kwa timu nyingine. Baada ya hapo rudini kwa yule mzee mkamuulize kidonda.

Na kaeni na wagonjwa kwenye chumba kimoja mnapochagua. Wapo hapa leo, wale pale dirishani. Niliongea nao jana jioni, wala hawakuniambia habari za vifaa. Mmoja kaniambia shida yake ni kwamba hajui nesi anakuja siku gani, kwa hiyo hatoki nyumbani wiki nzima akisubiri. Wiki nzima! Kwenye fomu gani mmeona swali la nesi alikuambia atakuja lini, na alikuja? Mwingine anasema anaulizwa historia yake upya kila akija nesi mpya, amechoka kuhadithia kifo cha mtoto wake. Hayo mawili peke yake yanatosha kazi ya nusu mwaka.

Mwisho kabisa kwa wasimamizi, nina ombi na nitalifuatilia kweli. Majibu ya ule ukaguzi uliopita, ambao mikono yote ilinyooshwa hapa asubuhi, yaletwe kwa waliokaguliwa kabla ukaguzi mwingine haujapangwa. Hata kama ni mabaya. Hata kama ni ukurasa mmoja. Kama yamepotea semeni yamepotea, tuanze upya tukijua.

Nimemaliza, nawashukuru kwa kunisikiliza. Maswali sasa, na tuanze na waliokaa nyuma maana kila siku muda unaishia mbele. Dada wa gauni la bluu, ndiyo wewe, simama, chukua maiki.